Faharasa Iachwe Wazi: Dibaga, Majina na Taarifa Zilizobanwa

Programu ikifa katikati ya kazi, prosesa haijui jina la mahali ilipofia. Inachojua ni namba: anwani ya agizo la mwisho, anwani za kurudia za funksheni zilizoitana, na thamani zilizobaki kwenye rejista. Kwamba anwani ile imo ndani ya funksheni fulani, kwenye mstari fulani wa faili fulani, na kwamba baiti nane zilizo jirani nayo ni kigeu chenye jina na aina, hayo hayamo katika maagizo ya mashine. Kompaila huyaandika pembeni. Kazi ya dibaga, kama vile GDB au LLDB, ni kuyasoma maandishi hayo ya pembeni na kumrudishia mwanadamu majina.

Maandishi yenyewe ni mengi kupita kiasi. Katika programu kubwa ya C++ huwa mazito mara kadhaa kuliko maagizo yanayoyaeleza. Kwa sababu ya wingi wake hubanwa ili yasijaze diski, na kwa sababu hiyo hiyo huhitaji faharasa ili jina moja lipatikane bila kusoma yote. Matakwa hayo mawili hayakai pamoja kwa amani. Faharasa inataka kuruka moja kwa moja hadi mahali. Data iliyobanwa haina mahali pa kurukia. Namna mafundi walivyoyapatanisha, na nani anayelipia upatanisho huo kwa muda, kumbukumbu na bando lake, ndilo suala la uchambuzi huu.

Nalitazama nikiwa Vuga, kwenye milima ya Usambara, na nina sababu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Mwaka 2010 LibreOffice ilipojitenga na OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili, inayotambulishwa kwa alama sw-TZ, ilikwenda nayo. Karani wa kijiji au mwalimu huku anaweza kuandika barua katika programu inayomsemesha kwa lugha yake. Lakini programu hiyo ikizima ghafla, na kijana aliyesomea uprogramu akataka kujua kwa nini, anakutana na mlango mzito. LibreOffice ni mamilioni ya mistari ya C++, na taarifa zake za kutatulia hitilafu hupimwa kwa gigabaiti. Wajenzi wake wanalijua hilo, ndiyo maana matayarisho ya ujenzi wake yana chaguo la --enable-split-debug na jingine la --enable-gdb-index. Kutafsiri menyu ilikuwa hatua ya kwanza ya kuifanya programu iwe yetu. Kuweza kuifungua tumbo inapougua ni hatua ya pili, na hiyo inaamuliwa kwa kiasi kikubwa na mambo haya ya kubana na kuorodhesha.

Tuanze na kinachobanwa. Kwenye Linux na mifumo jamaa, mtindo wa maandishi haya ya pembeni huitwa DWARF. Ulizaliwa Bell Labs miaka ya 1980 pamoja na Unix System V Release 4. Toleo la 4 lilitoka mwaka 2010 na la 5 mwaka 2017. Ndani yake, programu huelezwa kama mti wa vifungu. Kila faili la msimbo lililokompailiwa ni kitengo kimoja. Ndani ya kitengo kuna vifungu vya funksheni, aina na vigeu. Ndani ya funksheni kuna vifungu vya vigeu vyake vya ndani. Vifungu hivyo hukaa katika sehemu ya faili inayoitwa .debug_info.

Watu wengi hudhani kubana kunaanza pale zlib, kanuni ya jumla ya kubana data, inapoingia. Si kweli. DWARF yenyewe imebanwa tangu inapoandikwa. Kifungu hakisemi kwa ukamilifu kwamba mimi ni funksheni, nina jina, nina anwani ya mwanzo na ya mwisho. Maumbo ya vifungu huwekwa kando, katika .debug_abbrev, na kifungu huanza na namba ya umbo lake tu. Namba nyingi huandikwa kwa mtindo wa LEB128, ambao hutumia biti saba za kila baiti kubeba thamani na biti ya nane kueleza kama kuna baiti inayofuata, hivyo namba ndogo huchukua baiti moja badala ya nne au nane. Majina marefu huwekwa mara moja katika .debug_str na kuelekezwa kutoka kila yanapohitajika. Hata jedwali linalooanisha anwani na mistari ya msimbo halikuandikwa kama jedwali. Limeandikwa kama programu ndogo ambayo dibaga huiendesha, hatua kwa hatua, nayo hutema safu za jedwali.

Ubanaji huu ni wa werevu mkubwa, na una gharama ambayo msomaji aishike vizuri kwa sababu kila kinachofuata kinatokana nayo. Kwa kuwa vifungu havilingani urefu, huwezi kujua cha elfu moja kinaanzia wapi bila kupitia vya kabla yake. Kuna msaada kidogo: kifungu chenye watoto kinaweza kubeba anwani ya ndugu yake anayefuata, ili dibaga iwaruke watoto. Lakini kuuliza “SwDoc iko wapi?” (hilo ni moja ya majina makuu katika kiandishi cha LibreOffice) kunamaanisha kutembea, kitengo baada ya kitengo. Faharasa ilihitajika kabla zlib haijaguswa.

Kisha kuna marudio. Kila faili la C++ linapoingiza maelezo ya std::string, kompaila huyaeleza upya, na programu yenye maelfu ya faili hubeba maelfu ya nakala za maelezo yale yale. Mwaka 2012 Jakub Jelinek wa Red Hat aliandika dwz, programu inayotafuta vifungu vinavyofanana, kuvihamishia kwenye vitengo vidogo vya pamoja, na kuacha kiungo pale vilipokuwa. Inaweza hata kuvitoa nje kabisa, kwenye faili la nyongeza linalotumiwa na programu kadhaa. Hakuna kinachopotea, na data hubaki inasomeka bila kukunjuliwa. Kwa maoni yangu hii ndiyo aina bora ya kubana katika habari hii yote, kwa sababu anayelipa ni mjenzi, mara moja, na msomaji hupata faili dogo lisilo na kufuli. Jambo moja tu: dwz haipokei sehemu ambazo tayari zimebanwa kwa zlib. Anayegeuza mpangilio, akabana kwanza, huikosa faida hii.

Aina ya tatu ya kubana ndiyo inayoleta mgogoro. Faili la ELF, mtindo wa faili za programu kwenye Linux, linaruhusu sehemu yoyote ya .debug_ ibanwe kwa kanuni ya jumla, ile ile inayobana barua na picha. Zamani sehemu iliyobanwa ilibadilishwa jina, ikawa .zdebug_. Siku hizi jina hubaki na sehemu hutiwa alama ya SHF_COMPRESSED, na mwanzoni mwake huwekwa maelezo mafupi ya kanuni iliyotumika na ukubwa wa asili. Kanuni iliyozoeleka ni zlib ya Jean-loup Gailly na Mark Adler, ya mwaka 1995. Mwaka 2022 ELF iliongezewa zstd ya Yann Collet, na kuanzia GCC 13 na binutils 2.40, matoleo ya 2023, mjenzi anaweza kuichagua kwa -gz=zstd.

Tatizo liko katika namna zlib inavyofanya kazi. Badala ya kurudia maneno yaliyokwisha kupita, huandika: rudi nyuma umbali huu, nakili baiti hizi. Umbali huo unaweza kufika baiti 32,768. Maana yake, baiti iliyo katikati ya sehemu haisomeki mpaka zilizoitangulia zikunjuliwe, nazo hazisomeki mpaka zilizozitangulia zikunjuliwe, hadi mwanzo kabisa. Kutaka kifungu kimoja ni kukunjua sehemu nzima.

Ulinganishe na sehemu ambayo haikubanwa. GDB huiomba Linux iioanishe na kumbukumbu bila kuinakili, na mfumo hupakia kutoka diskini kurasa zilizoguswa tu. Kumbukumbu ikipungua, mfumo huzitupa kurasa hizo bila hofu kwa kuwa asili yake ipo diskini. Iliyokunjuliwa kutoka zlib haina asili diskini. Ni mali ya GDB peke yake, na kumbukumbu ikijaa lazima ihamishiwe kwenye eneo la kubadilishana. Kwenye kompyuta mpakato iliyonunuliwa mtumba, yenye gigabaiti nne za kumbukumbu na diski ya kuzunguka, gigabaiti moja ya data iliyokunjuliwa inatosha kuifanya mashine nzima isimame. Mwenye seva ya kisasa hatalihisi hilo kamwe. Ndiyo maana ushauri wa “bana tu, diski ni ghali” hausemi kitu kile kile kwa watu wote.

Sasa faharasa. Jaribio la kwanza lilikuwa ndani ya DWARF yenyewe: .debug_pubnames, orodha ya majina ya wazi ya kila kitengo. Ilishindwa kwa sababu rahisi: haikuwa kamili. Majina yasiyoonekana nje ya faili hayakuwamo, na dibaga ikiambiwa jina halipo haiwezi kujua kama halipo kweli au limeachwa. Faharasa isiyokamilika ni mbaya kuliko kutokuwa na faharasa, kwa kuwa msomaji analazimika kuipekua na kisha kutafuta upya. GDB ilikataa kuitegemea. Badala yake, kwa miaka mingi, ilipofungua programu ilipitia .debug_info yote kwa haraka, ikatengeneza muhtasari wa majina, na kusoma kitengo kwa ukamilifu pale tu jina lake lilipohitajika. Njia hiyo ni sahihi, ila mtumiaji hulipa ada yake kila anapofungua dibaga.

Mwaka 2010 GDB ilipata .gdb_index, na humu ndimo kuna fundisho kubwa la usanifu. Ni jedwali la hashi linaloweza kusomwa moja kwa moja kutoka diskini. Jina hugeuzwa kuwa namba. Namba huchagua nafasi katika jedwali ambalo ukubwa wake daima ni kipeo cha mbili. Kila nafasi ina namba mbili za biti 32, moja ikionyesha jina lilipo na nyingine ikionyesha orodha ya vitengo vinavyolijua. Nafasi ikiwa imekaliwa na jina jingine, dibaga huruka hatua iliyokokotolewa kutoka hashi ile ile na kujaribu tena. Pembeni kuna orodha ya anwani, ya kujibu swali la kinyume: anwani hii ni ya kitengo gani? Hakuna cha kujengwa dibaga inapoanza. Inagusa kurasa chache za diski na inajua ifungue kitengo kipi.

Anayejua kazi ya uchapaji atatambua kwa nini faharasa hii hutengenezwa mwishoni. Vuga tunakijua kiwanda cha uchapaji cha Walutheri, kilichochapa vitabu vya Kiswahili kwa miongo. Fundi wa herufi hawezi kupanga faharasa ya kitabu kabla kurasa zote hazijapata namba. Akiipanga mapema, aya moja ikisogea, faharasa nzima inadanganya. Vivyo hivyo kwa programu: anwani hazitulii mpaka linka, yaani programu ya kuunganishia, iunganishe vipande vyote vilivyokompailiwa. Kwa hiyo linka ndiyo inayofaa kuandika .gdb_index, na linka kama gold na lld hufanya hivyo kwa chaguo la --gdb-index, zikisoma orodha za majina zilizoachwa na kompaila. Asiye na linka hizo hutumia gdb-add-index baada ya ujenzi, ambayo huifungua programu ndani ya GDB, hukusanya majina na kuyarudisha kwenye faili. Vipande vikija vimebanwa, linka huvikunjua kwanza, huandika faharasa, ndipo hubana tokeo. Kwa linka hakuna mpangilio mwingine.

Hapa mgogoro unarudi. Tuseme faharasa ipo na imejibu: jina lako limo katika kitengo kinachoanzia baiti fulani ya .debug_info. Ikiwa .debug_info imebanwa kwa zlib, jibu hilo zuri halikuokoi. Bado utakunjua sehemu nzima ili ufike hapo. Faharasa imeokoa muda wa kupekua, haikuokoa kumbukumbu. Ikiwa na faharasa yenyewe imebanwa, hujaokoa hata hilo la kwanza. Linka ya lld hubana zile tu ambazo jina lake linaanza na .debug_, kwa hiyo .gdb_index hupona. Lakini faharasa rasmi ya DWARF 5 inaitwa .debug_names, na kwa jina hilo huangukia katika kapu moja na nyingine. Ni kosa la usanifu, dogo kwa sura na ghali kwa matokeo. Faharasa ilibuniwa isomwe kwa vipande. Kuibana kwa mkondo mmoja ni kuinyima sababu yake ya kuwepo.

Nasema hivyo nikiiheshimu .debug_names, maana ina mazuri yake. Ilitokana na majedwali ambayo Apple ilikuwa ikiyatumia kwa LLDB, inataka ukamilifu ambao pubnames haikuwa nao, na inaelekeza hadi kwenye kifungu chenyewe, wakati .gdb_index inaishia kwenye kitengo.

Mwaka 2022 GDB 12 ilikuja na njia nyingine, kazi iliyoongozwa na Tom Tromey: badala ya kusubiri faharasa ya diskini, kuifanya skani yenyewe iwe ya haraka. Kisomaji kipya hugawa vitengo kwa nyuzi kadhaa za prosesa, huangalia umbo la kifungu kwanza ili kujua kama kina jina linalofaa kuorodheshwa, huruka visivyofaa, na huahirisha kuunganisha majina marefu ya C++ mpaka baadaye. GDB 15 ya mwaka 2024 iliongeza kufanya hayo nyuma ya pazia, mtumiaji akiwa tayari ameanza kazi. Kwa mashine yenye viini vingi mabadiliko ni makubwa. Lakini mkondo mmoja wa zlib hukunjuliwa na uzi mmoja. Nyuzi nyingine zote, hata kama zipo kumi na sita, hazina cha kusoma mpaka huo umalize. Sehemu iliyobanwa inageuza kazi ya wengi kuwa foleni ya mmoja. Zstd hukunjuka kwa kasi zaidi ya zlib na hupunguza kungoja huko. Kwa atakayesisitiza kubana, ningemshauri aichague hiyo.

Nani basi alipie? Wasambazaji wa Linux wamejibu kwa namna tofauti. Fedora huongeza .gdb_index wakati wa kujenga vifurushi vyake na kutumia dwz. Debian, kupitia zana zake za kujengea vifurushi, imeweka mkazo kwenye kubana sehemu za .debug_. Msimamo wa Debian una mantiki ya kuokoa diski, lakini kifurushi chenyewe tayari hubanwa kinaposafiri mtandaoni. Kubana mara ya pili ndani ya kifurushi hakumpunguzii mpakuaji kiasi cha maana. Kunampunguzia nafasi ya diski na kumwongezea mzigo kila anapofungua dibaga. Kwa mtu anayenunua data kwa gigabaiti, kinachouma ni upakuaji, na hapo dwz inamsaidia kuliko zlib ya ndani.

Upakuaji wenyewe umebadilika. Tangu mwaka 2019 elfutils, mkusanyiko wa zana za kushughulikia faili za ELF, imekuja na debuginfod, seva inayotoa taarifa hizi kwa kufuata kitambulisho cha ujenzi, namba inayowekwa ndani ya kila faili na inayolitofautisha na mengine yote. GDB ikikuta programu isiyo na taarifa, huiuliza seva, na Fedora 35 iliiwasha huduma hiyo kama chaguo-msingi. Ni ukombozi mkubwa, ukiwa na mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa pamoja na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Zana inayodhani seva iko karibu daima humwacha mtu wa Usambara mikono mitupu siku kama hiyo, na siku za kawaida humlia bando kwa kupakua mamia ya megabaiti ili ajue jina la funksheni moja.

Toleo la 0.188 la elfutils, la mwaka 2022, lilifungua njia ambayo naona ndiyo muhimu kuliko zote: mteja anaweza kuiomba debuginfod sehemu moja tu ya faili. Anaweza kuomba .gdb_index peke yake, akajua ndani ya maktaba hamsini ambazo programu imezipakia ni ipi yenye jina analolitafuta, na kupakua taarifa kamili za hiyo moja. Hilo linawezekana pale tu faharasa ipo, imetengwa na mengine, na iko wazi. Msambazaji asiyeijenga amemfungia njia hii kila mteja wake.

Kuna kinachoweza kufanyika hata sasa, bila kusubiri uamuzi wa Fedora wala Debian. Taarifa zilizopakuliwa zinaweza kukunjuliwa mara moja kwa objcopy --decompress-debug-sections na kuongezewa faharasa kwa gdb-add-index. GDB tangu toleo la 8.3 inaweza kuhifadhi faharasa inazojenga, ukiiamuru (katika matoleo ya sasa) set index-cache enabled on, na huzihifadhi kwa kitambulisho cha ujenzi. Kwa kuwa kitambulisho hicho hakibadiliki kutoka mashine moja hadi nyingine, wote walioweka kifurushi kile kile cha LibreOffice wanaweza kutumia faharasa moja. Debuginfod yenyewe haihitaji kituo cha data: huendeshwa kwenye kompyuta mpakato, huelekezwa kwenye folda yenye faili za taarifa, na husikiliza kwenye mlango 8002. Darasa la kompyuta lenye Wi-Fi yake, Vuga, Soni au Lushoto mjini, linaweza kupakua mara moja, kukunjua mara moja, kuorodhesha mara moja, na kila mwanafunzi akaelekeza DEBUGINFOD_URLS kwenye mashine ya mwalimu.